Mkate au baruti? Maneno ya komite juu ya filme El Chuncho

(Maneno haya yalisemwa na komite mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, wiki mbili nyuma ya kuonyesha filme. Tumeyaandika kama yalivyosemwa, tukipunguza tu pale tulipojirudia.)



Leo komite ilipaswa kuanza na hesabu ya sanduku. Hesabu iko tayari, itasomwa. Lakini tumeomba ruhusa tuanze na jambo lingine, kwa sababu ninyi wenyewe mnajua: tangu tulipoonyesha ile filme katika salle, maneno hayajaisha. Yalianza usiku ule ule, jenereta ikiwa bado moto. Yakaenda sokoni, yakaenda kwenye bomba la maji, yakafika hata mlangoni mwa kanisa. Kuna wanachama wawili hapa ndani waliokuwa wanakula sahani moja, na sasa wanasalimiana kwa mbali. Tena kuna ombi lililoletwa kwa komite kwa sababu ya filme ile, na ombi lile linagusa sanduku la wote. Kwa hiyo msiseme komite imekosa kazi ndiyo maana inazungumza sinema.

Kwanza, kwa wale ambao hawakukuwapo, na kwa wale waliokuwapo lakini walikaa nyuma pamoja na watoto wanaolia, tueleze filme yenyewe.

Jina lake kwa Kiitaliano ni Quién sabe?, ambalo ni neno la Kihispania: nani anajua? Wafaransa waliiita El Chuncho, na sisi tulipata ile ya Kifaransa. Aliyeitengeneza ni Muitaliano Damiano Damiani, ikatoka mwaka 1966. Habari yake iko Mexiko, wakati wa vita ya mapinduzi iliyoanza mwaka 1910. Chuncho ni jambazi. Anashambulia treni za serikali pamoja na kundi lake, anachukua bunduki, anaenda kuziuza kwa jenerali wa waasi anayeitwa Elías. Ndani ya treni moja anakuta kijana Mmarekani, mweupe, msafi, suti nzuri, maneno machache. Huyu anajifanya mfungwa, anaingia katika kundi. Chuncho anampenda kama mdogo wake, anamuita Niño, maana yake mtoto. Jina lake la kweli ni Bill Tate.

Njiani wanafika kijiji cha San Miguel. Kijiji kile kimetoka mkononi mwa tajiri aliyekuwa na mashamba yote. Watu wanamuomba Chuncho abaki, awafundishe bunduki, awalinde, kwa sababu wanajua askari watarudi. Chuncho anasema ndiyo. Wenzake wanaondoka na silaha kwenda kuuza. Yeye anabaki kidogo, halafu moyo unamvuta upande wa silaha na feza, anawafuata. San Miguel inabaki nyuma.

Wanapofika kwa jenerali, Chuncho anapokea malipo yake. Ndipo jenerali anamuambia: watu wa San Miguel wameuawa, kwa sababu uliwaacha bila kitu mkononi. Chuncho mwenyewe anakubali kwamba anastahili kufa. Ndugu yake Santo, aliyekuwa katika kundi lile na anayejiita mtu wa Mungu, ndiye atakayempiga risasi. Lakini kumbe Niño alikuwa na kazi yake tangu mwanzo. Alilipwa kumuua jenerali Elías. Yuko mlimani na bunduki, na ndani yake risasi ya zahabu. Anamuua jenerali, halafu anamuua Santo, na hivyo Chuncho anapona.

Mwisho wanaonana tena mjini. Niño ni muaminifu kwa namna yake: anampa Chuncho nusu ya malipo. Anampeleka kwa kinyozi, anamvalisha suti, anataka waende wote Marekani. Pale gare, watu maskini wako kwenye mstari wa tiketi, na Niño anawapita wote kama vile hakuna mtu. Chuncho anaona. Treni inapotaka kuondoka, anamuambia rafiki yake kwamba lazima amuue. Rafiki anauliza kwa nini. Chuncho hana jibu, anasema tu lile neno: nani anajua. Anampiga risasi. Kisha ile feza anaiacha kwa kijana anayepiga viatu rangi, anamlalia kwa sauti kwamba asinunue mkate, anunue baruti. Anakimbia. Filme imekwisha.

Mmoja wetu alikuwa anatafsiri kwa mdomo, Kifaransa kwenda Kiswahili, kama tulivyozoea kule kambini. Alipofika pale pa mkate na baruti, salle iligawanyika. Upande mmoja walipiga makofi na miluzi. Upande mwingine mama mmoja alisema kwa sauti: “Eeh! Mwenye njaa atakula baruti?” Toka pale hatukusikilizana tena.

Sasa tuseme kidogo filme hii ilitoka wapi, maana wengine walisema ni Wamarekani wanatudanganya, na wengine walisema ni sinema tu ya farasi. Hapana kwa yote mawili. Ni ya Waitaliano, na ilipigwa picha Uhispania, kusini, kwenye jangwa la Almería. Miaka ile Waitaliano walikuwa wanatengeneza filme nyingi za cowboy, watu wakazicheka wakaziita za tambi. Lakini baadhi yao walikuwa na siasa ndani. Mtu aliyefanya kazi ya maneno katika filme hii, Franco Solinas, ndiye pia aliyeandika filme ya Vita vya Algeri, ambayo nayo ni ya mwaka 1966. Aliyecheza Chuncho, Gian Maria Volonté, alikuwa mkomunisti, hakuficha. Walichukua Mexiko ya zamani ili waseme juu ya dunia yao wenyewe: vita ya Vietnam, na Wamarekani wanaoingia katika nchi za watu wakiwa na suti safi. Damiani mwenyewe hakupenda filme yake iitwe ya cowboy.

Na Kongo hatukuwa mbali na mawazo ya watu wale. Mwaka 1968 Muitaliano mwingine, Valerio Zurlini, alitengeneza filme juu ya kiongozi Mwafrika anayekamatwa na kuteswa mpaka kufa. Kila mtu alijua mfano wake ni Lumumba. Aliyecheza ni Woody Strode, yule Mmarekani mweusi mrefu ambaye wazee wetu wanamkumbuka mwanzoni mwa filme nyingine ya tambi, akingojea treni gare, maji yakimdondokea juu ya kofia.

Tena filme za cowboy katika nchi yetu hazikuanza jana. Kinshasa, wakati ikiitwa bado Léopoldville, miaka ya 1950, vijana wa mitaa walivaa kama cowboy, wakajiita Bills, kwa ajili ya Buffalo Bill. Wakawa hata na luga yao, Hindubill. Walikuwa vijana waliokatazwa mambo mengi na wakoloni, na katika salle ya sinema waliona mtu ambaye hakatazwi. Kwa hiyo mzee anayesema kwamba filme hizi zinaingia vijana kichwani hasemi uongo. Lakini ziliingia na wazee pia. Na mtazame ajabu: katika filme yetu, mwenye jina la Bill ni yule muuaji.

Tuje kwa maoni. Komite imejaribu kuyakusanya bila kumkata mtu.

Maoni ya kwanza ni ya wazee, wale waliokuwa vijana au watoto katika miaka ya 1964 na 1965, wakati wa Mulele. Wao hawakuangalia sana Chuncho. Waliangalia mgeni. Mzee mmoja alisema: “Mimi nilipoona ule mzungu anapanda treni, nilijua. Mtu haingie vita ya wengine bure.” Kwa sababu hapa kwetu, ninyi vijana mmesikia tu, lakini wao wanakumbuka. Mwezi wa 4 mwaka 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma, akapanda milima yetu, akiitwa Tatu. Wakuba zaidi ya mia moja walikuja naye. Mwezi wa 11 walivuka tena kurudi. Yeye mwenyewe aliandika kwamba kazi ile ilishindwa. Na upande mwingine walikuja wale mersenere wa Mike Hoare, wakashuka Baraka mwaka ule ule, wakilipwa kwa mwezi.

Hapo wazee wenyewe hawakupatana. Mmoja alisema mgeni ni mgeni, akija na bunduki anakuachia makaburi. Mwingine akakataa kabisa. Akasema usimchanganye Tatu na mersenere, yule wa kwanza alilala njaa pamoja na watu na hakulipwa na mtu, hawa wengine walikuwa kama Niño, walikuwa na bei. Wa kwanza akajibu: “Ni kweli, nia haikukuwa moja. Lakini kesho yake asubuhi, wote walikuwa wamekwenda, na sisi tuko hapa.” Tunaandika maneno ya wote wawili kwa sababu yote mawili ni ushuhuda.

Maoni ya pili ni ya watu wa kanisa. Wao walikasirikia Santo, yule ndugu anayerusha mabomu huku akitaja Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Walisema si vizuri kuonyesha jambo kama lile mbele ya watoto. Komite inakubali kosa: tulipaswa kuiangalia sisi kwanza. Lakini katekista mmoja alituambia jambo ambalo hatukulifikiri. Alisema Santo ni mtu pekee katika kundi aliyeamini kwamba bunduki zile zilikuwa kwa ajili ya maskini. Aliposikia kwamba ndugu yake aliziuza kwa feza, moyo wake ulivunjika. Wengine wote walikuwa na bei. Katekista akasema, tusimcheke, tumuogope. Mtu asiyekuwa na bei anaweza kuwa mtakatifu, na anaweza kuua ndugu yake.

Maoni ya tatu ni ya wafanya biashara, na hawakuwa wachache. Wao walisema Chuncho ni mpumbavu. Mtu alikuokoa na kifo, amekupa nusu ya mali yake bila kumlazimisha, ametimiza neno lake, na wewe unamuua. Baba mmoja alisema: “Kama kila mtu aliyetukopa angelikuwa muaminifu kama ule Niño, sanduku letu lisingelia.” Watu walicheka sana. Lakini baada ya kucheka ukimya uliingia, maana ni kweli. Katika filme ile yote, mtu mmoja tu anashika ahadi za feza, na ni yule muuaji.

Maoni ya nne ni ya vijana, na haya ndiyo yaliyoleta ombi. Walisema Chuncho alifanya vizuri. Alichelewa, lakini mwishowe aliona. Aliona ule mstari wa tiketi. Walisema Niño hakuua jenerali tu, alinunua na Chuncho, na mtu akishanunuliwa anapaswa kurudisha feza au kumuua aliyemnunua. Na juu ya mkate walisema hivi, tunarudia kama walivyosema: “Mkate munaleta kila mwaka. Kiloba ya mbegu, jembe, sabuni. Asante. Lakini shamba ya kupanda ile mbegu iko wapi?”

Wandugu, hapo ndipo filme iligusa kidonda. Tunajua wote. Tulitoka hapa tukikimbia, tukakaa kambini Tanzania miaka na miaka, tukarudi na meli hadi Baraka tukiwa na mabati na makaratasi. Wengine walikuta nyumba yao imekuwa kichaka, hiyo si mbaya, kichaka kinafyekwa. Wengine walikuta shamba la baba lina mihogo ya mtu mwingine, na huyo mtu mwingine naye alikimbia mahali pengine, naye ana watoto. Walikwenda kwa chefu, wakaambiwa warudi kesho. Walikwenda ofisini, wakaambiwa walete karatasi. Karatasi gani? Kwa sheria ya mwaka 1973 udongo wote ni wa serikali, na baba zetu walilima kwa kujulikana na majirani, hawakulima kwa karatasi.

Ndiyo maana vijana saba walikuja mbele ya komite, wiki moja nyuma ya filme. Walikuja kwa heshima. Waliomba kwamba kila mwezi sehemu ndogo ya sanduku iende kwa wale watoto wetu walioko porini na bunduki, ili siku askari wa mtu mwingine wanapokuja, tusiwe mikono mitupu kama San Miguel. Walitumia filme ile ile kama ushuhuda. Walisema jenerali Elías mwenyewe alihukumu: watu wa San Miguel walikufa kwa sababu waliachwa bila silaha.

Tutawaambia kweli: maneno yale yalitushika. Ndani ya komite hatukulala na wazo moja. Tulikaa mara mbili, na mara ya kwanza tuliachana bila jibu. Kuna mmoja kati yetu aliyezika watoto wawili siku ambayo hapakuwa na mtu wa kutulinda, na hakuna aliyeweza kumuambia kwamba vijana wanasema upumbavu.

Aliyetusaidia ni mama mmoja, mwanachama wa zamani, ambaye siku ile ya filme hakusema kitu. Alikuja kuleta mchango wake wa mwezi, akatukuta tunabishana. Akasema: “Mimi nilikuwa nawasikiliza ile usiku yote. Munabishana Chuncho, munabishana Niño, munabishana mkate, baruti. Wanaume wawili wenye kupita. Hakuna hata mmoja aliuliza jina la mtu wa San Miguel. Ile kijiji, njo sisi.”

Halafu akatuuliza swali: bunduki za San Miguel zilikuwa za nani? Tulijibu, za Chuncho. Akasema: basi. Zilikuja na Chuncho, zikaondoka na Chuncho. Siku alipopata bei nzuri mahali pengine, hazikukuwa tena za kijiji. Na kijiji kilikuwa kimemlisha, kimemfanyia sherehe, kimemuita mkubwa. Akaweka feza yake juu ya meza, akachukua risiti, akaenda.

Tuliangalia tena filme, sisi wa komite peke yetu, na mafuta tulinunua sisi, msiulize sanduku. Ni kweli. San Miguel inaonekana kwa muda mfupi. Kifo chake hatukioni, tunakisikia tu kwa mdomo wa jenerali. Filme imefanywa na watu werevu, wenye huruma kwa maskini, na hata hivyo farasi na kamera viliondoka na wanaume. Na sisi watazamaji tukaondoka nao. Sisi ambao tuliachwa namna ile ile, tulisahau kubaki.

Kwa hiyo jibu la komite kwa vijana ni hapana. Sanduku halitatoa hata franga moja kwa mwenye bunduki, awe mtoto wetu au asiwe. Tueleze sababu, maana neno hapana bila sababu ni dharau.

Sababu ya kwanza ni ile ya mama. Bunduki inamfuata anayeishika. Tukilipa leo, kesho yeye ndiye atakayetuambia kiasi cha kulipa. Hapa wengi mmelipa kwenye vizuizi vya njia, vya watu wa pande zote, mnajua jinsi mchango unavyogeuka kodi. Sababu ya pili: sanduku hili ni la wanachama wa makabila mbalimbali. Watoto wa porini wa mmoja ni maadui wa mwingine. Siku tutakapotoa feza ile, asubuhi yake hakuna chama. Sababu ya tatu, wafadhili wetu: wametoa kwa ajili ya mbegu na dawa. Kula feza ya mtu kwa jambo ambalo hakulijua ni uongo. Lakini tunataka wafadhili wasikie vizuri: hata kama mngelikuwa hampo, jibu lingelikuwa lile lile.

Sasa, kijana mmoja alitujibu, na jibu lake lina nguvu. Alisema: kule Mexiko, kama maskini wangelinunua mkate tu, je, wangelipata mashamba? Tulitafuta, na tumuambie tulichokuta. Mkulima Zapata aliandika mwaka 1911 kwamba mashamba yarudishwe kwa vijiji, na akapigana. Katiba yao ya mwaka 1917 ikaandika jambo la udongo katika kifungu cha 27. Zapata mwenyewe aliuawa kwa mtego mwaka 1919. Mashamba mengi hasa yaligawanywa miaka ya 1930, chini ya prezida Cárdenas. Kwa hiyo kijana atasema: unaona, bila bunduki karatasi isingeliandikwa. Na mama atasema: unaona, tangu bunduki hadi shamba watu walizikwa miaka mingi, na mwishowe ilikuwa karatasi. Sisi hatuwezi kuwapatanisha hapo. Wote wawili wamesoma habari moja.

Lakini kijana amesema kweli katika jambo moja, na hapa komite inajikosoa. Tuligawa mbegu kwa watu wasiokuwa na shamba. Tuliandika katika ripoti kwamba familia zimepokea mbegu, na ni kweli zilipokea. Wengine waliziuza sokoni wiki ile ile, na tulijua, na hatukuandika. Wafadhili, tunaomba msamaha kwa hilo. Mbegu bila udongo ni mkate wa siku moja, vijana hawakukosea.

Ndiyo sababu tunaleta mbele yenu leo maombi mawili ya komite, mtayapigia kura nyuma ya hesabu.

La kwanza: robo ya feza iliyokuwa ya mbegu msimu huu iende kwa kazi ya mipaka ya mashamba. Maana yake ni usafiri na chakula cha wazee wanaojua mipaka ya zamani, wa makabila yote, wakae pamoja na wale wanaolima sasa, shamba kwa shamba, mbele ya mashahidi, na waandike walichopatana. Karatasi ile haitakuwa na muhuri mkubwa. Lakini itakuwa na majina ya majirani, na mbele ya chefu karatasi yenye majina kumi ni nzito kuliko mdomo mtupu. Pale ambapo hawatapatana, waandike pia kwamba hawakupatana, na kwa nini.

La pili: wale vijana saba waliokuja na ombi, tunaomba watatu kati yao waingie katika kazi hiyo, wachaguliwe na wenyewe. Waandike, wapime, wasikilize wazee wanavyobishana juu ya mti wa muembe uliokatwa zamani. Wengine wamesema tunawanunua ili wanyamaze, kama Niño. Hatuwanunui. Hakuna mshahara, ila chakula kile kile cha wazee. Wakikataa, hatutawakasirikia, na mlango wa komite utabaki wazi.

Tumalize na wale wanachama wawili wasiosalimiana. Hatutawataja. Mmoja anasema Chuncho alisaliti rafiki, mwingine anasema alisaliti kijiji na baadaye akakumbuka. Tumewaza sana, na tunaona mnaweza kukaa hivyo hivyo, kila mtu na Chuncho wake, na bado mle sahani moja. Miaka ile ya mbio, mtu alikuwa anaficha wazo lake hata kwa jirani wa hema. Leo tumebishana wiki mbili juu ya filme, kwa sauti, sokoni, na hakuna aliyekimbia usiku. Komite inafurahi kwa hilo, ingawa masikio yetu yamechoka.

Filme ya mwezi ujao itaangaliwa kwanza na komite pamoja na katekista na wamama wawili. Atakayetaka kutoa mafuta ya jenereta ajiandikishe kwa mtunza sanduku. Watoto wadogo wakae mbele, si nyuma.

Sasa hesabu isomwe, halafu tupige kura.